Kiganja Dhidi ya Nyaya Tano

Jumatatu, 3 Machi

Ifahamike kwa vizazi vijavyo kwamba leo asubuhi, kabla ya chai, nimekata kucha za mkono wa kulia. Za kushoto nimeziacha. Wa kulia ndio wenye kazi.

Fundi mkuu wa karakana yetu ya ndege ametangaza mtihani wa Ijumaa. Kila mmoja ataunga vibao viwili vya nyuzi za kaboni zilizoshikwa na plastiki. Hakuna gundi, hakuna misumari ya ribiti. Plastiki inayeyushwa katikati, inashindiliwa, inapoa, vinakuwa kitu kimoja. Mshindi ataunga mikia ya ndege. Tumebaki wawili: mimi, miaka kumi na moja hapa, na shemeji, mdogo wa mke wangu, niliyemwombea kazi mwenyewe. Mdomo uliponza kichwa.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji anachomeka nyaya tano za kupimia joto kila kiungo. Eti kingo huungua wakati katikati bado pabichi. Nikamwambia fundi wa kweli hupima kwa kiganja. Akasema, shemeji, kiganja chako kinapima juu, moto uko ndani. Wenzetu wakacheka. Nimekariri majina yao yote.

Nyumbani nimekataa kuosha sufuria, kutunza hisia za kiganja. Mke wangu akauliza kama wakati wa kula nacho kitapumzika.

Jumatano, 5 Machi

Nimeficha boksi la nyaya nyuma ya mtungi wa hewa. Shemeji akatoa nyingine mkobani. Akanigawia mbili, kwa upole unaouma. Nimefungia nazo mfuko wa chakula. Fundi mkuu akauliza boksi liko wapi. Nikajitolea kulitafuta. Nililipata upesi mno.

Ijumaa, 7 Machi

Mbinu: kumaliza kwanza. Nikapandisha umeme hadi mwisho, koili ya kupashia moto ikapita mara moja badala ya tatu. Juu ya kiungo hukaa bamba la alumini la kupooza, ili uso wa kibao usiyeyuke. Nikaliwekea kiganja. Baridi kama pua ya mbwa. Shemeji bado anangoja namba zake zishuke, maskini.

Nikafungua klampu zilizobana vibao. Nikaondoa bamba. Nikabandika kiganja kwenye kiungo chenyewe, fundi mkuu ashuhudie ninavyothibitisha.

Kiungo kilifura kama godoro lililonyeshewa. Kuhusu kiganja sitaandika mengi.

Fundi mkuu akasema bamba lile kazi yake ni kuwa baridi. Cha shemeji kilivutwa na mashine mpaka vibao vikachanika pembeni, kiungo kikabaki kimeng'ang'ana. Mikia kapewa yeye. Akanipeleka zahanati, akanibebea mfuko wa chakula uliofungwa kwa nyaya zake. Huo ni ukatili.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetafakari kwa kina, kosa limeonekana. Kiganja cha kulia kimechoshwa na miaka kumi na moja ya nyundo. Cha kushoto hakijawahi kufanya kazi ya maana, kwa hiyo hisia zake ni mpya kabisa. Mwezi ujao kuna mtihani wa milango. Sisemi zaidi, nyumba hii ina masikio.

Leo, saa nne kamili, kucha za mkono wa kushoto zimekatwa.

Amezikata shemeji. Mimi siwezi kushika mkasi.