Injini ya Mig na Kiti cha Hita

Jumamosi, mvua ya Edmonton, hapa Uingereza, ikinyesha bila adabu, Lambert alisoma kwenye simu kwamba Mig-15 moja kuukuu itarushwa kwenye maonyesho ya ndege. Lambert ni dereva wa basi, na kwa kuwa hana upande ndiye Refa wa kijiwe chetu, mgahawa wa Abdulwakil. Sheria ya hapa ni moja: mshindi wa hoja hukaa kiti cha kando ya hita mpaka ashindwe. Muhsin Moskva, aliyesomea Urusi, alikuwa amekikalia tangu majani yaanze kupukutika.

"Hiyo ndiyo ndege!" akasema. "Watu wametoka vitani, mkate kwa foleni, wakaunda dude lililowatia Wamarekani tumbo joto kule Korea. Akili ya Mrusi peke yake, kuanzia pua mpaka mkia!"

Harjit Spana, Singasinga wa Kampala mwenye duka la vifaa vya umeme Queensbury, akaweka kikombe chini.

"Pua mpaka mkia? Refa, umesikia?"

"Nimesikia."

"Injini je?"

"Ya Kirusi!"

"Ya hapahapa, bwana. Mwaka arobaini na sita Mwingereza aliwauzia injini zake za jeti. Wakazifungua, wakaziiga, wakaitia nakala ndani ya Mig."

"Yakhe, wacha uzushi! Nani mwenye akili amuuzie hasimu siri yake?"

"Wanasema hata mkubwa wao wa Kremlini aliuliza hivyohivyo."

Hilo la mkubwa halina ushahidi. La injini linao. Lambert alipekua simu, akapiga mluzi.

"Moskva, nyanyuka."

"Lakini mabawa—"

"Umesema mpaka mkia, mzee. Mdomo huponza kichwa."

Muhsin alihamia mlangoni, ambako kila mteja huingia na baridi yake, akaanza kusugua magoti. Harjit alinyoosha miguu mbele ya hita.

"Aaah! Kampala!"

"Spana," Muhsin aliita kwa upole, "dukani kwako huna kihita?"

"Nikose? Kinawaka kuliko hiki! Wewe nitakupunguzia."

"Niletee Jumamosi ijayo."

"Biashara imekwisha!" Harjit akapiga paja.

Jumamosi iliyofuata kihita kilinguruma mlangoni kama kinataka kuruka. Lambert ndiye wa kwanza kuhama.

"Refa hana upande," alisema, "ila ana miguu."

Abdulwakil akafuata na birika. Kiti cha mshindi kikabaki na mshindi, na hita kuukuu iliyokuwa ikikohoa.

"Jamani, sheria! Kiti cha heshima ni hiki!"

"Kikalie basi," alisema Muhsin, akifungua vifungo vya koti.

Harjit alivumilia kikombe kimoja. Cha pili alikuja nacho mkononi, akiburuta kigoda.

"Nisogezeeni."

Muhsin hakusogea hata inchi.

"Si niliuliza nani mwenye akili amuuzie hasimu siri yake? Karibu, Mwingereza."