Kisanduku cha Kabura na Chai Inayopoa

Kahiga wa Miti Kumi na Minne,
Nyuma ya soko,
Wamagana.
Jumatatu, baada ya kukamua.

Kwa Chifu wetu, msomaji wa barua ambazo wengine huzifungia nyama,

KUH: SAUTI YANGU KUCHUKULIWA, KUTIWA NDANI YA KISANDUKU NA KUTUMIWA KUNIIBIA

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe, karani wako, na yule paka wa ofisi ambaye ndiye pekee hufika kazini mapema.

Kabla ya malalamiko, ni vizuri ujue unaandikiwa na mtu wa aina gani. Katika Tetu nzima hakuna masikio kama yangu. Avokado ikidondoka kwa shamba langu siku ya mvua, mimi nikiwa ndani ya nyumba na redio ikisoma habari, naweza kukuambia imetoka kwa mti wa ngapi.

Hiyo si kweli. Nimeshaandika kwa kalamu na siwezi kufuta, basi iache hapo. Avokado ya mwisho niliyoisikia ilidondoka kwa mabati ya choo, na mimi nilikuwa ndani ya choo. Lakini nilitaka uanze barua hii ukiwa na heshima, hata kama utaimaliza bila.

Kabura unamjua. Ni yule fundi wa redio mwenye kibanda karibu na mashine ya kusaga unga. Macho yake yalichukuliwa na surua akiwa mtoto. Babake na mimi tulitahiriwa mwaka mmoja, kwa hivyo ananiita baba, na mimi niko na haki ya kumgombeza, haki ambayo mpaka leo haijanisaidia kitu.

Mwaka jana Kabura alichoka kungoja redio za watu ziharibike, akaanza kutengeneza michezo. Si ile ya vijana, ya kutazama simu mpaka shingo inakuwa kama ya korongo. Mchezo wake hauna kioo. Ni kisanduku cha mbao za kreti. Ndani kuna spika mbili za redio zilizokufa, moja kushoto na moja kulia, na juu kuna vitufe vinne: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Unacheza kwa masikio. Mwenye macho na asiye na macho wanaanza pamoja, ila mwenye macho ndiye hupotea haraka.

Sasa kaa chini nikueleze mchezo wenyewe. Wewe mchezaji ni mwizi. Umeingia kwa shamba la avokado. Unasikia majani upande huu, unasikia nyuki wa mzinga uliotundikwa kwa mti wenye matunda mazuri, na unasikia mzee mwenye shamba akizunguka na gambuti, vile viatu virefu vya mpira, mguu wa kushoto ukiburuta, akikohoa. Kikohozi kikiwa kikubwa, mzee yuko karibu, tulia. Kikififia, chuma. Halafu kutoka jikoni mama anaita, "Baba Sheila! Chai inapoa!" Gambuti zinageuka, zinaenda nyumbani, na mwizi anapewa muda wa kuhesabu hadi ishirini achume anavyotaka. Ukishikwa, mzee anakucheka. Kuna hatua saba.

Mzee huyo ni mimi. Mama huyo ni Kagure, bibi yangu. Malalamiko yangu ni haya.

Namba moja. Sauti yangu ilichukuliwa kwa ujanja. Kabura alikuja kwangu kabla ya Krismasi, ameshika simu, akasema, "Baba, nataka kurekodi ndege." Nikamwambia ndege ni wa Mungu, rekodi. Sikujua ndege ni mimi, pamoja na Kagure akiniita chai. Ni kweli kwamba baadaye aliniomba nikohoe. Ni kweli pia kwamba nilikohoa mara tatu, kwa sababu ile ya kwanza haikuwa na nguvu, na kwamba mimi ndiye nilimshauri achukue na kicheko. Lakini mtu mzima anaweza kukohoa mbele ya simu bila kukubali kuwa mchezo wa watu.

Namba mbili. Mbwa anayebweka ndani ya kisanduku si wangu. Wangu alilala siku nzima ya kurekodi, basi Kabura akaenda kuchukua sauti ya mbwa wa jirani yangu Peterson. Sasa kila anayecheza anaamini shamba la Kahiga linalindwa na mbwa wa Peterson, na Peterson mwenyewe ananiambia kwa njia, mbele ya watu, "Mzee, hata kwa mchezo bado nakusaidia." Nataka mbwa huyo atolewe. Awekwe wangu, hata kama hatasema kitu. Kimya cha mbwa wangu kinaogopesha kwa mtu anayekielewa.

Namba tatu, na hii ndiyo inauma. Wezi wameacha kuja. Tangu nipande miti hii nimekuwa nikiibiwa vizuri kila msimu. Wezi wangu nilikuwa nawajua kwa majina, na mmoja akipita kwa ua alikuwa anauliza kwanza kama goti langu limepona. Sasa wote wako kwa kibanda cha Kabura kila Jumamosi, wananiibia kwa vitufe. Matawi yamelemewa mpaka yanagusa chini, na mimi nakaa hapo na rungu kama mtu anayengoja basi kwa barabara isiyo na basi. Wiki iliyopita niliacha geti wazi. Nikafungia mbwa. Nikaenda Nyeri mjini, nikazunguka huko bila shughuli mpaka jioni, makusudi. Niliporudi nikakuta kila avokado mahali pake. Hata ile moja niliyokuwa nimeiweka juu ya kiti karibu na geti. Chifu, hiyo ni dharau ya kiwango gani?

Namba nne nimeisahau. Nikiikumbuka nitaiweka huko chini.

Namba tano. Mimi si mimi tena. Watu wasioona wanatoka mpaka Kagio, na wengine Wang'uru kule kwa mchele, kuja kucheza. Jumamosi moja nilikuwa napita sokoni, baba mmoja wa Kagio ambaye hatujawahi kukutana akainua kichwa akasema, "Huyo ni Kahiga. Mzee, nyuki hawajambo?" Alikuwa amenijua kwa mguu. Sikatai kwamba nilifurahi, nilipita hapo mara nne zaidi. Lakini gambuti zangu zikatoboka, nikanunua mpya. Nikarudi kumsalimu yule baba, nikamwambia mimi ni Kahiga. Akasema, "Wacha mzaha, Kahiga tunamjua." Ikabidi nikohoe. Nikakohoa kile kikohozi kizuri kabisa. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Umejaribu, mzee. Lakini mwenyewe anakitoa chini zaidi." Naomba cheti chenye muhuri wa ofisi yako kinachosema mimi ndiye Kahiga. Na kwa vile baba huyo hawezi kukiona, naomba uwe ukija mwenyewe kukisoma kwa sauti kila Jumamosi.

Namba sita. Mchezo huu unaonea watu fulani. Nilichukua kisanduku kimoja kwa Kabura kama ushahidi. Kiko jikoni kwangu, juu ya meza. Nakikagua kila siku saa nne asubuhi, na siku za mvua nakikagua mpaka betri zinalia. Sijawahi kupita hatua ya kwanza. Naingia vizuri, nafuata nyuki, nafika chini ya mti, nanyoosha mkono. Halafu Kagure anaita. Hapo mwizi mwenye akili anachuma. Mimi nageuka. Vidole vinageuka vyenyewe, naapa. Naifuata ile sauti mpaka mlango wa jikoni, na hapo mlangoni nakutana na mimi mwenyewe na gambuti zangu, najishika, najicheka. Peterson, ambaye amemaliza hatua zote saba na amemwambia kila mtu isipokuwa wafu, alinitazama siku moja akasema, "Wewe ni mwizi wa aina gani, unaacha avokado unafuata chai?" Nilijifanya nakaza waya wa ua.

Namba saba ni ya nyumbani, lakini kwa vile sasa inajulikana na soko zima, hata ofisi ya serikali inaweza kuisikia.

Kagure alienda Nanyuki mwezi wa kwanza, kwa binti yetu Sheila, kushika mtoto aliyezaliwa. Alisema wiki mbili. Sasa tuko mwezi wa nane. Mtoto mwenyewe anatambaa kama gari lisilo na breki, hataki kushikwa, anataka kukimbizwa. Kitu ni kwamba asubuhi ya kuondoka, nilionja chai ya Kagure nikasema hata mimi naweza kuchemsha maji yenye rangi. Aliniangalia. Akasema, "Basi chemsha." Akafunga mkoba. Mimi nikangoja yeye apige simu kwanza, kwa sababu ndiye aliyeondoka. Yeye nadhani anangoja mimi, kwa sababu ndiye niliyesema. Na sisi wote wawili tunajua kungoja.

Sasa, kisanduku kikiwa jikoni na dirisha likiwa wazi, watu wakipita kwa njia wanasikia, "Baba Sheila! Chai inapoa!" Wakaanza kusema Kagure amerudi. Mimi sikusema amerudi. Sikusema hajarudi. Niliongeza sauti tu. Kwa wiki tano nilikuwa mtu mwenye bibi. Akina mama wa kanisa waliponipa salamu za kumpelekea nilizipokea, na walipouliza mbona haonekani nilisema miguu inamsumbua.

Halafu Abdinasir akaja. Huyu ni mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Nanyuki, mtu mpole, alikuja kuangalia beberu wangu. Tukasimama kwa kibanda cha Kabura, Peterson akiwepo na akina mama wale wale wakiwepo. Kisanduku cha Kabura kikaita. Abdinasir akasema, "Wallahi, huyu mama namjua! Kila asubuhi yuko kwa dada yangu Zeynab ananunua maziwa. Na yeye humuuliza kila anayetoka huku kama avokado za Wamagana zimeiva."

"Kila asubuhi?" akauliza Peterson, polepole, kama mtu anayemenya ndizi.

"Kila asubuhi. Hata leo."

Soko likanyamaza. Nimeishi miaka sabini na tatu na sijawahi kusikia soko likinyamaza. Masikio yangu, yale niliyokuwa nakudanganya juu yake, siku hiyo yalisikia kila kitu.

Kwa hivyo, Chifu, naomba uamuru yafuatayo. Kisanduku hicho kipigwe marufuku, hapa na kila mahali sauti yangu inaweza kufika. Wezi warudi shambani kama zamani. Mbwa wa Peterson atolewe. Na zaidi ya yote, sauti ya Kagure iondolewe. Si haki sauti ya mtu ikae Wamagana ikiita watu chai, na mwenyewe anakunywa yake Nanyuki. Ama vyote viwili vikae hapa, ama hakuna.

Nisalimie mzee wako, nisalimie watoto, msalimie yule karani aliyeniambia nirudi kesho miaka mitatu iliyopita, umwambie bado nakuja. Salamu kwa wote watakaokusaidia kusoma mwandiko huu. Peterson nitamsalimia mwenyewe.

Ni mimi, halisi, hata kwa gambuti mpya,
Kahiga

Nyongeza, Jumanne ya wiki iliyofuata. Nimeikumbuka namba nne. Namba nne ilikuwa kwamba chai yenyewe haiko. Mtu anaitwa, anaitwa tena, anaacha avokado zake, anafika mlangoni, na ndani hakuna chai. Kabura hakuweka.

Nilienda kumwambia hivyo Jumamosi, na nilikuwa nimebeba nyundo. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Karibu, baba." Nikamuuliza amenijuaje na gambuti ni mpya. Akasema, "Viatu umebadilisha, lakini bado unatembea kama mtu ambaye ameitwa." Nikaweka nyundo chini. Nikamwambia namba nne. Akanipa simu akasema, "Basi iweke wewe."

Kwa hivyo sasa kuna hatua ya nane, kwa kisanduku kimoja tu. Haina mwizi. Utasikia jiko, utasikia sufuria, utasikia maziwa yakimwagika mara mbili na neno moja ambalo Kabura alikataa kutoa. Halafu mzee anakohoa, anaita, "Mama Sheila! Chai inapoa!" Basi. Kushoto ni geti la kutokea. Kulia ni jikoni, na safari hii mlango unafunguka.

Kwa sababu hiyo nakuomba uchane yote niliyoandika huko juu. Usipige marufuku kitu. Bakisha ile ya mbwa tu.

Na sasa, Chifu, unakumbuka mwaka wa ile mvua kubwa, ndama wa ng'ombe wako alipokaa vibaya tumboni na daktari wa mifugo akakwama kwa matope. Nani aliingiza mkono mpaka begani? Na wewe ukiwa umeshika mkia ulisema, "Mzee, siku moja utaniomba kitu na sitakataa." Siku hiyo ni Alhamisi hii. Karani amesema una mkutano Nanyuki. Kisanduku nimekifunga ndani ya gunia, pamoja na avokado za mti wa nyuki, zimeanza kulainika. Kipeleke kwa Sheila, ile nyumba ya mlango wa kijani karibu na kwa Zeynab wa maziwa. Usiseme nani amekutuma, kikohozi kitasema. Mpe Kagure, mwache acheze, wewe kaa hapo unywe chai yako. Kisha ukirudi uniambie jambo moja tu: aliposikia nikiita, kidole kilienda kushoto au kulia.