Mota Hazitoi Umeme

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa umeme hapa kiwandani anastaafu. Kiti chake nakitaka! Meneja anataka hesabu: shoti ikitokea kwenye ukumbi wa mashine, umeme utafumka kwa nguvu gani, ili tununue breka ya kuukata. Mshindani wangu ni mmoja tu, dada tunayemwita Miwani. Anahesabu polepole kama anayechagua mchele. Nampiga bao mapema.

Jumanne, 4 Machi
Nimemaliza! Nimehesabu transfoma na nyaya, basi. Miwani anadai mota kubwa nazo zihesabiwe. Eti shoti ikitokea, bado zinazunguka, na kwa kitambo kidogo husukuma umeme kwenye shoti hiyohiyo. Nimecheka mpaka machozi. Mota inakula umeme, itautapikaje? Nimemnong'oneza meneja kwamba dada wa watu anatuchelewesha. Breka imeagizwa, ndogo, ya bei poa.

Jumatano, 12 Machi
Breka imefungwa na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Kazi nilimtafutia mimi. Miwani amemsihi asiiwashe. Shemeji akanitazama. Nikamwambia awashe, mimi ndiye mwenye hesabu. Akasema sawa, shemeji.

Alhamisi, 13 Machi
Kebo ya mashine ya kusaga imepiga shoti. Breka haikukata. Imepasuka! Shemeji alikuwa amesimama mbele yake. Ameungua uso, kifua, mikono yote miwili. Alikuwa akiniita mimi. Sikuweza kusogea.
Hospitalini mke wangu aliniuliza kama nilionywa. Nikasema nani angejua?

Jumapili, 16 Machi
Shemeji amefariki. Mama mkwe hakuupokea mkono wangu. Nimelia chooni, bomba la maji likiwa wazi. Nilimpenda yule kijana, Mungu wangu.

Jumatano, 19 Machi
Tumezika jana. Leo nimemwambia meneja huenda marehemu hakukaza bolti sawasawa. Akamwagiza Miwani arudie hesabu yote, na mimi nisiguse kitu.
Kumbe kiti bado kiko wazi! Miwani anazunguka ukumbini, anasoma kibao cha nguvu cha kila mota, kubwa kwa ndogo. Atamaliza lini? Mimi nimeshamaliza, mezani kwangu, kimyakimya. Safari hii mota nimezitia. Zile kubwa tu. Hivyo vidogo, hata viwe mia, vitatoa nini? Kesho nampelekea meneja kabla Miwani hajafika.