Boule Mbili za Honorable

Ugomvi wa Alhamisi ile uliletwa na simu ya Guelord, kama ugomvi mwingi wa pale kwetu. Tulikuwa kwenye benchi mbele ya cherehani ya Zihindula, hapa kambini Dzaleka, mimi na karai langu la mandazi na termosi mbili za chai. Guelord tunamwita Dokta Gugo, kwa sababu hakuna ugonjwa asioujua na hakuna hata mmoja aliowahi kuutibu. Alikunja mguu, akasafisha koo, akasoma kwa sauti ya mtangazaji:

"Mwanaume mumoja wa Ulaya amekula biskuti tupu miezi mbili, na amepunguka kilo kumi na mbili. Alihesabu kalori tu."

"Alikula biskuti na nini?" akauliza Arlette.

"Biskuti na biskuti."

"Na bado iko anapumua?"

"Anapumua, na suruali inamuanguka. Munasikia? Kalori ni kalori. Kilo ya pamba na kilo ya mawe, yote ni kilo."

"Basi kula mawe," Arlette akasema.

Huyo Arlette tunamwita Lenga-lenga, kwa jina la mboga anayolima nyuma ya nyumba yake. Ndiye anayeongoza kwaya, na anaamini hakuna jambo duniani ambalo lenga-lenga haiwezi kulitengeneza, iwe damu, macho au ndoa.

"Amina," akasema Asani. Yeye alikuwa upande wa biskuti. Mkononi alikuwa na andazi la tatu, na chupa ya Fanta imesimama karibu na mguu wake. Asani tunamwita Honorable. Hakuchaguliwa na mtu popote, ila tumbo lake linatangulia kufika kwenye mkutano kama la mbunge.

Niseme mapema kwa nini maneno haya hayakuwa mchezo. Jumamosi, binti yake Gabriella alikuwa anaolewa na kijana wa Area 47, kule mjini, na ibada ilikuwa kwenye kanisa moja la Area 18. Gabriella hakutaka zawadi yoyote kwa baba yake isipokuwa moja: avae lile koti la kostimu la kahawia alilotoka nalo Uvira, afunge vifungo, wapige picha pamoja. Siku ile ya kukimbia vita walikuwa wanatoka kanisani, na Gabriella alikuwa mtoto wa mgongoni. Walichofika nacho Malawi ni kile walichokuwa wamevaa.

Wiki sita zilizopita koti lilijaribiwa na vidole vinne vikabaki kati ya kifungo na tundu lake. Hapo ndipo Guelord alipomwekea Honorable kitu cha kuhesabia kalori kwenye simu, kwa Kifaransa, elfu moja na mia tano kwa siku, si zaidi. Na hapo ndipo Honorable alipogundua kwamba ukihesabu vizuri, mandazi na Fanta vinaenea humo bila shida.

"Lenga-lenga, nikuulize," Guelord akaendelea. "Sahani yako ya maharagwe na mandazi mbili za Mama Cadeau, kama kalori ni sawa, tumbo itajua je?"

"Itajua saa ine. Mandazi ukikula saa mbili, saa ine tumbo inakuita kwa jina. Maharagwe ukikula saa mbili, unaisahau mpaka mchana."

"Hiyo ni njaa. Mi nasema kalori."

"Kwani bantu banakula kwa sababu ya kalori? Banakula kwa sababu ya njaa. Litre ya mazutu ya lori na litre ya esansi ya pikipiki, yote ni litre. Tia mazutu mu pikipiki ya esansi, halafu uende nayo Mchesi."

"Mwili haiko pikipiki."

"Iko nini?"

"Iko kalkileta."

"Ya kwako betri imeisha."

Zihindula, ambaye jina lake la benchini ni Santimetre, alicheka kwa pua tu, maana alikuwa na pini mdomoni. "Mi sijui kalori," akasema kupitia meno. "Mi najua santimetre. Santimetre haina maneno mingi."

Guelord akanigeukia. "Mama Cadeau, we njo muuzaji. Andazi moja iko na kalori ngapi?"

"Inategemea nimeamka na hasira kiasi gani," nikamwambia. "Siku nyingine nakata kubwa, siku nyingine ndogo."

"Naandika mia mbili."

"Na mafuta?" nikamuuliza.

"Mafuta haionekane."

"Yanaonekana kwenye shati lake."

Honorable alijifuta kifuani na kunyoosha mkono kwenye karai. Nikalifunika.

"Papa Gabriella," nikasema, "mimi ndiye ninayeuza na mimi ndiye ninayekuambia. La nne hapana."

"Mama, unafukuza mteja?"

"Namfukuza mteja ili Jumamosi nimwone baba wa bibi harusi."

"Lakini namba inanikubalia. Angalia." Akaniinulia simu, kioo chake kimepasuka pembeni kama tandabui. "Kwa hesabu, niko nimepunguka kilo saba."

"Ulijipima wapi?"

"Sikujipima. Nilihesabu."

Arlette aliinama akashika kichwa. Zihindula akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa shati lake. Kisha akaenda ndani, akatoka na koti la kahawia kwenye kiango chake.

"Vaa," akasema. "Tuache kuongea. Kifungo njo itasema nani iko na haki."

Honorable akavaa. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Zihindula aliweka vidole kati ya kifungo na tundu: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Akasita. Akaongeza kidole gumba.

"Tano," akasema.

"Pima tena."

"Nimepima. Tano. Ungekaa bila kuhesabu, ungebaki na ine."

Hapo kila mtu akawa mtaalamu. Honorable akasema koti limejikunja kwa baridi ya mwezi wa saba. Zihindula akajibu kwamba koti limekaa kwake wiki sita kwenye kiango na halijapiga chafya hata mara moja. Guelord akasema ni maji, mwili unashika maji.

"Maji gani?" Arlette akauliza. "Alihama na Ziwa Tanganyika mu tumbo?"

"Basi ni mafuta ya Mama Cadeau. Iko nzito kuliko mafuta ya bantu bengine."

Nikasimama na kijiko changu. "Leta hiyo simu."

Nikasoma siku moja, nikasoma nyingine. Zilifanana. Asubuhi: mandazi matatu, Fanta moja. Mchana: boule mbili. Mangaribi: boule mbili. Maharagwe kidogo, dagaa kidogo, na chini kabisa jumla, chini ya elfu moja na mia tano, na tone la kijani la kumpongeza.

"Hii boule ni bugali?"

"Njo bugali," akasema Guelord. "Sisi tunakula bugali kwa boule, donge kwa donge, hapana?"

"Na boule moja ina kalori mia moja na kumi na tano?"

"Njo simu ilisema."

Mimi nimesonga bugali tangu nina miaka tisa, na nimelisha watoto wanne. Boule ya kalori mia na kumi na tano ni ya mtoto anayeota meno.

"Asani, weka Fanta chini. Tuonyeshe boule ya Odette."

Odette ni mke wake, na mkono wake kwenye sufuria unajulikana mpaka upande wa pili wa soko. Honorable akaweka chupa chini, akainua mikono yote miwili, akaitenganisha polepole mbele ya kifua, kama mtu aliyepokea mpira wa miguu kwa heshima.

"Moja?" Arlette akauliza.

"Moja. Zinakuwa mbili."

"Kwa siku?"

"Mchana. Mangaribi tena mbili."

Nikapangusa kioo kwa pembe ya aproni. Palepale penye ufa kulikuwa na kijipicha cheupe, cha mviringo. Nikakibonyeza kikafunguka na kujaa kioo kizima. Kilikuwa ni kikombe chenye mguu mrefu, ndani yake kitu cheupe kimekaa kimetulia, juu yake jani dogo la mnanaa. Chini yake yaliandikwa maneno mawili baada ya boule, nami niliyasoma kwa sauti, taratibu, kwa Kifaransa changu cha Bukavu, halafu nikayatafsiri ili pasiwe na mtu wa kusingizia.

"Ni aiskrimu. Hata donge la aiskrimu, Kifaransa kinaliita boule. Boule moja ya aiskrimu ya vanila."

Zihindula alihakikisha hana pini mdomoni, ndipo akacheka.

"Nilitafuta bugali, haimo," Guelord akaanza kujitetea, sauti ya utangazaji imemwisha. "Nikatafuta nsima, haimo. Fufu, haimo. Nikaandika boule, ikakubali haraka. Nikaangalia picha, nyeupe, mviringo. Mi ningejua je?"

"Wiki sita," Arlette akahesabu kwa vidole, kisha akaviacha. "Boule ine kwa siku. Aiskrimu mia moja makumi sita na munane. Dzaleka hapa, na baridi hii. Papa, hata haukupata mafua?" Akageuka kwetu. "Kumbe hatukujua kutamka jina lake. Haiko Honorable. Iko Honora-boule."

"Lakini munaona," Guelord akafufuka, "mi niko na haki. Namba njo ilikuwa ya uongo. Ingekuwa namba ya kweli, angepunguka. Kalori ni kalori."

"Angekula maharagwe na lenga-lenga, asihesabu hata kimoja, leo kostimu ingefunga."

"Na akikula karai nzima ya maharagwe?"

"Karai nzima ya maharagwe hakuna mutu anaimaliza."

"Huyu anaimaliza."

Sote tukamtazama. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Mimi nilikuwa na la kwangu la kusema. Niliwaambia wote wawili wanavuta kamba moja, kila mtu ncha yake. Chakula kibaya kinakurudisha kwenye karai kabla ya mchana, na chakula kizuri ukikila kwa boule za Odette hakikuokoi. Guelord akauliza hiyo aiandike wapi kwenye simu. Nikamwambia aandike popote, ilimradi si kwenye aiskrimu.

Honorable hakuwa anacheka. Alikuwa amekaa na koti lake wazi, mikono imeshika pembe mbili za mbele, kama anayefunga mlango ambao hautaki.

"Jumamosi ni kesho kutwa," akasema.

Zihindula akaacha kucheka. Akamzunguka, akapapasa mishono. "Pembeni nilishafungua yote, haina tena nguo. Imebaki njia moja. Napasua mugongo, natia kipande cha nguo ingine. Picha haiangaliake mugongo."

"Mugongo hapana."

"Mbele itafunga vizuri, mzee."

"Nimesema mugongo hapana." Akageuka atuonyeshe. Katikati ya mgongo, rangi ya kahawia ilikuwa imepauka kwa umbo la duara, na juu ya mabega kulikuwa na mistari miwili iliyolika. "Hapa njo kulikuwa Gabriella. Odette alinifunga naye kwa kitenge yake, juu ya kostimu. Siku ine. Mi nikitembea, yeye analala. Mukipasua hapa, munapasua nini?"

Arlette alitazama chini. Guelord alizima simu, jambo ambalo sijawahi kuliona tena.

Mimi nikaweka kijiko changu kwenye karai. "Kile kitenge," nikauliza, "Odette bado anacho?"

"Iko nacho. Anafunikia unga."

"Basi kilete. Kitarudi mahali pake palepale."

Alinitazama kidogo. Kisha akainuka, akaacha Fanta nusu, akaenda. Wiki sita nzima nilikuwa sijamwona akitembea haraka namna ile.

Jumamosi, kanisani Area 18, koti lilifunga. Vifungo vyote vitatu. Mbele ungesema limeshonwa kwa ajili yake wiki hiyo. Nyuma, toka kola mpaka chini, ulipita mkanda wa kitenge cha buluu kilichochakaa, chenye ndege wa manjano wasioonekana vizuri tena. Honorable aliingia akitembea upande, mgongo ukutani, kama mtu anayepita kwenye ujia mwembamba kati ya nyumba za watu. Haikusaidia. Gabriella alipomkumbatia, mkono wake ulikikuta kitambaa. Akamgeuza baba yake mbele ya watu wote, akaangalia. Arlette na kwaya yake walilazimika kurudia ubeti mara tatu, mpaka bibi harusi apakwe poda upya. Mpiga picha aliambiwa apige mbele, na mgongo pia.

Jumatatu tulikuwa tena kwenye benchi. Picha ya mbele ilikuwa imeshafika kwa ndugu wote waliotawanyika. Mdogo wake Honorable, aliyechukuliwa kwenda Australia zamani, alituma sauti, na Honorable akaiweka juu ili tusikie sote:

"Yaya Asani, kaka yangu, tumeona foto. Mungu wangu, umepunguka, kostimu inakukaa kama kijana. Mi huku nimeshindwa, nahesabu, nakimbia, hakuna. Niambie ukweli, unakulaka nini huko?"

Guelord akaonyesha simu yake, kwamba ataje hesabu. Arlette akatamka bila sauti, akivuta midomo: ma-ha-ra-gwe. Honorable aliwatazama wote wawili. Akanitazama mimi, nikashusha macho kwenye karai. Akasogeza simu karibu na mdomo.

"Aiskrimu ya vanila, mudogo wangu," akasema. "Boule mbili mchana, mbili mangaribi. Na unahesabu zote, usiruke hata moja."