Waya Ulionyooka

Jumapili, 26 Aprili
Jana ilikuwa dugnad, siku ya masika ambapo nyumba nzima hutoka kufanya kazi kwa pamoja na malipo ni soseji. Sverre, anayekaa ghorofani, alifagia changarawe. Mimi nilichagua kazi ya akili: waya wa mtandao, uliokuwa ukining'inia kutoka darini hadi chumbani kwangu kama kamba ya kuanikia. Nimeubana ukutani kwa stepla kubwa ya mafundi. Umenyooka. Mama mwenye nyumba, Torbjørg, aliutazama, akasema mwanangu, sijawahi kuona pini nyingi hivi mahali pamoja. Nimeguswa.

Jumatatu, 27 Aprili
Nimeanza kutuma filamu yangu kwenye tamasha. Mwisho wa kutuma ni Alhamisi, saa sita mchana. Ni filamu ya babu, nahodha wa kivuko kitakachoondolewa daraja likifunguliwa. Babu ameshanunua tai.

Wiki iliyopita faili la majaribio, kubwa vilevile, lilipita kabla kahawa yangu haijapoa. Leo kompyuta inasema zimebaki saa kumi na tisa, na ikifika nusu inakatika na kuanza upya. Nimeizima, nimeiwasha. Nimesafisha tundu la waya kwa kijiti cha meno. Wapi. Nini kimebadilika humu ndani tangu wiki iliyopita? Nimefikiri sana.

Sverre amenunua televisheni, na mtandao wa nyumba ni mmoja.

Jumanne, 28 Aprili
Mpango: aondoke. Nimeoka maandazi ya mdalasini, nikampelekea, nikamwambia theluji ya mlimani inakaribia kuisha, anayetaka kuteleza ateleze sasa. Akasema haya mwongozaji wa filamu, tangu Krismasi hata salamu ya ngazini hunipi, leo umeanza kunionea uchungu nisikose theluji? Akala yote. Kesho anakwenda kwenye kibanda cha shangazi yake.

Jumatano, 29 Aprili
Sverre hayupo. Televisheni imezimwa. Bado saa kumi na tisa. Ikafika nusu. Ikakatika.

Babu amepiga simu kuuliza kama tai ya bluu itaonekana kwenye giza la ukumbi. Nimemwambia itaonekana. Halafu nimekaa sakafuni nikautazama waya, kitu pekee katika maisha yangu kilichokaa sawa. Karibu na mlango ulikuwa umelegea kidogo. Nimeongeza pini, ikazama hadi ndani ya waya.

Sasa hakuna mtandao kabisa. Kompyuta imechoka, masikini.

Alhamisi, 30 Aprili
Sverre amerudi asubuhi, kalowa chapachapa. Amenikuta ngazini, kompyuta mapajani, uso umevimba. Akasema usiniangalie hivyo, mvua imetufukuza. Nikamweleza yote, hadi maandazi. Akacheka mpaka akashika ukuta. Alijua, alisema, maandazi matamu vile lazima yana kesi ndani yake.

Akanipandisha kwake, akachomoa waya wa mtandao kwenye televisheni, akauchomeka kwenye kompyuta yangu, hiyohiyo iliyochoka. Filamu ilipita kabla hatujamaliza mkate na jibini. Saa tano na nusu! Nikampigia babu. Nilisikia tu akipenga kamasi.

Nimetafakari. Kompyuta ni nzima. Tamasha halina shida. Kwa waya wa juu inakimbia, kwa waya wa chini inakufa. Jibu ni moja tu: kasi haipendi kushuka ngazi.

Jumamosi, 2 Mei
Sverre hakutaka shukrani. Sikulala vizuri kwa ajili hiyo. Nimemwazia vibaya moyoni mwangu wiki nzima, na yeye akaniokoa. Kisha nikakumbuka waya wake: umelala sakafuni ovyo, mtu akipita anajikwaa. Nikamwomba ufunguo, nikamwambia nina zawadi. Alipokwenda dukani nikapanda na stepla. Umenyooka kuliko hata wangu. Aliporudi alisimama mlangoni akaanza kuhesabu pini.

Jioni ameteremka. Ameniuliza, eti, na wewe unaona mtandao umekuwa mzito? Mpira kwenye televisheni yake unaganda kila mchezaji akitaka kupiga.

Nimemwambia ukweli, kwa kuwa sasa ni rafiki yangu. Airudishe ile televisheni dukani.