Miezi Minne na Farasi Kiazi

Jumatatu, 4 Novemba

Nimepata farasi. Nilipoamka asubuhi sikuwa na mpango wa farasi.

Mkutano wa kijiji, ajenda ni mitaro ya maji. Mwishoni akasimama Daktari Kang, yule binti anayetibu mifugo ya tarafa yetu. Kuna farasi ametelekezwa, alisema, mmoja wa hawa wafupi wa kisiwani kwetu. Yuko nyuma ya kibanda cha kupigia watalii picha. Kibanda kimefungwa, mwenyewe kahamia bara, simu hapokei. Anatafutwa mtu wa kumtunza mpaka mwezi wa tatu, apone, kisha apelekwe kwa mtu atakayekaa naye moja kwa moja.

Jirani yangu Hyeon Deok-pal, mwalimu mstaafu, akaanza kunyanyua mkono. Deok-pal hunyanyua mkono kama anavuta ndoo kisimani. Mimi nikanyanyua yote miwili na kusimama juu. Nikapewa.

Sababu yangu ni hii: Machi tunachagua mwenyekiti wa kijiji. Deok-pal anatajwatajwa. Mtu aliyeokoa farasi atatajwa zaidi.

Nilipomweleza mke wangu, hakuacha kunoa chuma chake cha kubandulia konokono wa baharini. "Baba Na-rae," akasema, "hata yule jogoo alikushinda."

Jogoo alikuwa na maradhi yake.

Jumanne, 5 Novemba

Nimemwona. Nilikuwa nimenyoa ndevu kwa ajili ya picha. Picha haikupigwa.

Mbavu zinahesabika ukiwa barabarani. Kwato zimerefuka zikajikunja kwa mbele kama ndara za mzee. Hatamu hawakuwahi kumvua tangu akiwa mdogo, na imemla ngozi juu ya pua. Alikuwa amesimama kwenye tope, kichwa ukutani. Tulipofika hakugeuka.

Daktari Kang aliikata ile hatamu polepole kwa mkasi, akimsemesha. Mimi nilijifanya ninakagua gurudumu la lori.

Kupanda lori hakutaka. Nikavuta, nikasukuma. Nikamkemea kwa sauti ya mwenyekiti. Akanikanyaga. Kisha Deok-pal, ambaye hakuna aliyemwita, akaenda akasimama kwenye mlango wa lori akampa mgongo, akawa anatazama mlima. Dakika ishirini hivi. Farasi akamfuata ndani. Deok-pal hakusema lolote. Hilo ndilo lililoniuma, maana angejisifu ningepata la kumjibu.

Alhamisi, 7 Novemba

Masharti ya Daktari: nyasi kavu, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache. Nafaka marufuku. Mnyama aliyeshinda njaa muda mrefu ukimshibisha ghafla unamuua. Atapona kwa miezi minne, labda mitano.

Nimemwambia wananchi hawawezi kusubiri miezi minne. Akaniuliza wananchi gani.

Nimempa farasi jina la Ushindi. Mke wangu anamwita Kiazi, kwa sababu ya umbo na rangi. Ukiita Ushindi, anatafuna. Ukiita Kiazi, sikio moja linageuka.

Jumapili, 10 Novemba

Nimetafakari. Daktari ni kijana. Baba yangu alinenepesha nguruwe kwa shayiri, na hakuna aliyemwandikia masharti. Nimempa Kiazi nusu ndoo ya shayiri, na juu yake machenza kumi na mawili ya shambani kwangu, yale matamu ya upande wa jua. Amekula yote. Amelamba ndoo.

Kwa mwendo huu wiki tatu zinatosha.

Jumatatu, 11 Novemba

Kiazi ameugua.

Asubuhi nilimkuta anachimba ardhi kwa mguu wa mbele na kugeuka kutazama tumbo lake, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Kisha akalala chini, akataka kugaagaa. Mke wangu alikuwa njiani kwenda kupiga mbizi na wenzake. Aliutupa wavu wake uani, akamshika kichwa, akanituma nimpigie Daktari.

Daktari akaja, akamchoma sindano, akatuambia tumtembeze. Tukamtembeza kuanzia saa mbili mpaka saa saba mchana, kwa zamu, kati ya michenza. Nilimweleza Daktari kwamba farasi alifungua pipa la shayiri mwenyewe. Akaenda kulitazama pipa. Lilikuwa limefungwa kwa kamba, fundo langu mwenyewe, lile ninalofungia makasha. Hakunigombeza. Aliniambia tu, taratibu: "Mjomba, kwa hali aliyonayo, angeweza kufa leo, na mimi ningefika nikute maiti."

Saa saba na robo Kiazi akatoa kinyesi. Sijawahi kufurahia kitu kama kile. Machozi yalinitoka, nikasema ni upepo. Mke wangu akasema ndiyo, upepo.

Kisha akachukua ufunguo wa ghala, akautia kwenye kibindo cha vazi lake la kuzamia. Hakuna mtu kisiwani anayeweza kutoa kitu mle.

Jumamosi, 23 Novemba

Nafuata masharti. Nyasi mara sita kwa siku. Nimejifunza kutembea kama Daktari, bila kuburuta mabuti.

Lakini kuna jambo. Kila siku saa nne asubuhi Deok-pal huja kwenye ukuta wa mawe unaotenganisha mashamba yetu, anaegemea, anasoma gazeti. Kiazi anaacha nyasi zangu, anakwenda kusimama ukutani mbele yake. Wanakaa hivyo, wawili. Nyasi ni zangu, zizi langu, mgongo unaouma ni wangu.

Nimeuongeza ukuta mawe mistari mitatu. Nimemweleza Deok-pal kuwa ni kwa ajili ya kukinga upepo. Akasema ni wazo zuri.

Jumatatu, 25 Novemba

Kiazi hajala tangu jana. Joto la mwili liko sawa, tumbo liko sawa. Amesimama mbele ya ukuta anatazama mawe.

Daktari aliuliza kwa simu kama kuna kitu chochote kimebadilika. Nikasema hakuna. Mke wangu, akiwa jikoni, akasema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye simu, "Mwambie kuhusu ukuta."

Nimeteremsha mawe yote. Deok-pal alikuwa anapita, akanisaidia, bila kuuliza kwa nini mtu anajenga Jumamosi na kubomoa Jumatatu. Kiazi akaanza kula kabla hatujamaliza. Nimemkaribisha Deok-pal chai ya chenza. Amekunywa vikombe vitatu. Huyu mtu hana haya.

Jumatano, 18 Desemba

Fundi wa kwato amekuja mara ya tatu. Huzikata kidogo kidogo, asije akamuumiza mifupa. Sasa Kiazi anatembea kwa nyayo zake. Mguu wa nyuma wa kushoto bado anauogopa. Mtu akimshika anautikisa, ila mke wangu akimshika anamwachia, kama mtoto anayekatwa kucha.

Tuko katikati ya mavuno ya machenza, mikono haitoshi. Hata hivyo nimebandika tangazo mlangoni pa duka la ushirika: mimi na Kiazi, chini yake maneno "Bu Man-ho, Mtu wa Vitendo." Picha aliipiga mke wangu. Nimechelewa kuiangalia vizuri. Kiazi ameonekana mwili mzima. Mimi nimeonekana kiwiko.

Jumanne, 21 Januari

Theluji mpaka magotini. Leo kulikuwa na mkutano wa wazee saa tano, nafasi yangu ya kueleza sera zangu. Kabla ya kuondoka nilimpelekea Kiazi maji ya vuguvugu. Nilipoingia zizini aliniangalia, akashusha pumzi, akakunja miguu, akalala chini kwenye majani. Akafumba macho mbele yangu.

Daktari aliwahi kuniambia kwamba farasi mwenye hofu halali chini mtu akiwepo.

Nilikuwa nimeshika ndoo iliyojaa. Ningeiweka chini, mpini ungelia. Nikasimama nayo. Vidole vilikufa ganzi, kisha mkono, kisha sijui. Alilala dakika arobaini. Alikoroma kidogo.

Mkutano ulikwisha bila mimi. Naambiwa Deok-pal alizungumza kwa dakika mbili kuhusu mitaro, wakampigia makofi. Sikumwambia mtu nilikuwa wapi. Wangesema nimetoa udhuru.

Ijumaa, 14 Machi

Kesho anakuja mama wa kumchukua Kiazi. Go Chun-ja, miaka sabini na mmoja, wa upande wa kusini. Ana malisho na farasi jike mzee aliyebaki peke yake baada ya mwenzake kufa. Daktari anasema hajawahi kuona nyumba inayofaa kama hiyo, ila mama huyo ni mchaguzi. Farasi wawili ameshawakataa.

Kiazi amenona. Manyoya yanang'aa. Kasoro ni moja: palipokuwa na kidonda cha hatamu, juu ya pua, nywele zimeota nyeupe. Mtu mchaguzi ataona ule mstari na kuuliza maswali.

Nimekwenda mjini kununua rangi ya nywele ya wazee. Boksi liliandikwa kahawia ya asili. Nimempaka. Alisimama vizuri sana, masikini.

Saa kumi alasiri: si kahawia. Ni nyeusi tii. Kiazi ana masharubu.

Nimeosha kwa sabuni, siki na maji ya chenza. Masharubu yanang'aa zaidi.

Jumamosi, 15 Machi

Mama Chun-ja aliteremka kwenye gari, akamtazama Kiazi, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. Nikasema ni alama ya kuzaliwa. Deok-pal, ukutani, akakohoa ndani ya gazeti.

Mama akalowesha kidole kwa mate, akasugua, akakiangalia. "Mwanangu, hapa chini pana nini?" Nikamwambia. Nikamweleza hatamu ilivyomla ngozi, na nilipofika hapo sikuweza kunyamaza. Akauliza mguu gani anauogopa, nikajibu. Anakunywa maji ya namna gani, anapenda kukunwa wapi, sauti gani inamshtua. Nilijibu yote bila kudanganya, kwa kuwa nilikuwa ninayajua. Hata ya shayiri nilisema. Mke wangu aliacha kazi akasikiliza.

Mama akasema, "Wale wawili niliowakataa, waliowatunza hawakujua hata mguu wanaouogopa. Rangi itatoka. Huyu ninamchukua."

Lori lake lilikuwa na blanketi la yule farasi jike. Kiazi alilinusa, akapanda mwenyewe, akaanza kula nyasi. Hakugeuka. Nilidhani angalau angegeuza sikio.

Deok-pal alisema, "Amepanda vizuri." Nikasema ndiyo. Tukasimama hapo mpaka lori likapotea kwenye kona, na hata baada ya hapo. Leo haikuwa siku ya mke wangu kuzamia, lakini alichukua wavu akaenda baharini.

Jumapili, 16 Machi

Uchaguzi. Deok-pal kashinda. Mimi nimepata kura tisa. Mke wangu anasema hata moja si yake.

Jumanne, 25 Machi

Zizi liko tupu, na mtu mwenye ujuzi haachi zizi tupu. Leo nilikwenda mjini kununua mbolea. Nikapita kwenye mkahawa unaofungwa, ule wa barabara ya bandarini. Uani kwao walikuwa na mbuni wawili wa kuvutia wateja, wamenyonyoka migongo, hakuna anayewataka. Septemba chama cha wakulima kinachagua mwenyekiti. Sijasikia mgombea yeyote mwenye mbuni.

Daktari Kang sikumpigia. Ana kazi nyingi, na mimi nina uzoefu wa miezi minne. Ndege ni kuku tu, tofauti ni urefu. Nimekadiria wiki tatu.

Wako zizini. Mmoja ameshameza kifungo cha koti langu, mwingine anapiga mlango mateke. Mke wangu ameniuliza kutoka jikoni ni kitu gani kinachogonga. Nimemwambia ni upepo. Leo hakuna upepo hata wa kutikisa jani, lakini bado hajatoka nje.