Kamati ya Watu Wasiokuwepo

Mwaka ule wa Olimpiki, Umoja wa Wasafirishaji na Wasomi, tawi la Guangzhou, ulitangaza kwa kipaza sauti na sahani za pilau kwamba katika historia yake yote haujawahi kuwa na mwanamume aliyempenda mwanamume mwenzake wala mwanamke aliyempenda mwanamke mwenzake. Na kwa kuwa jambo lenyewe halikuwa na shaka hata chembe, iliundwa kamati ya kulithibitisha.

Elisante aliteuliwa katibu. Alikuwa akisomea utawala wa umma kwa ufadhili, na aliamini kwamba hata jua huchomoza kwa sababu kuna ofisi fulani imeliidhinisha. Aliposikia jina lake alisimama, akafunga vifungo vya koti, akasema, "Nimeupokea wajibu," ingawa hakuna aliyemuuliza kitu.

Chanzo cha kamati hiyo kilikuwa picha. Umoja ulikuwa ukiandaa maonyesho ya historia yake, na picha za zamani zilikuwa chache. Mojawapo ilipigwa Xintang, mji wa viwanda vya jinzi, siku kontena la kwanza lilipopakiwa. Palikuwa na marobota ya jinzi yamerundikwa hadi dari, na juu yake wameketi wanawake wawili, Domina na Jacinta, miguu inaning'inia, kichwa cha mmoja begani kwa mwenzake. Watu wote waliwajua. Walipanga chumba kimoja mtaa wa Sanyuanli na marobota yao yalitoka na alama moja, D na J kwa rangi nyekundu. Mtu aliyewahi kusafirisha mzigo anajua uzito wa jambo hilo. Kuna ndoa zilizofungwa kanisani, kwa kwaya na keki, ambamo mume na mke kila mmoja ana alama yake, maana mapenzi ni mapenzi na kontena ni kontena. Wale wawili walitumia alama moja.

Domina alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, kwa figo. Umoja ulichanga, ukasafirisha jeneza, na katika hotuba ukamwita "dada yetu ambaye hakujaliwa familia". Mkeka wa wafiwa alikalishwa mke wa Mwenyekiti, ambaye aliwahi kununua sketi kwa marehemu. Jacinta alikaa nyuma, pamoja na wageni.

Basi kwenye kikao cha maonyesho wakapendekeza chini ya picha iandikwe: Ndugu wawili wa hiari. Jacinta akasimama.

"Hatukuwa ndugu," alisema. "Andikeni tulivyokuwa, au mnirudishie picha yangu."

Spika ya ukumbi ikapiga miluzi. Ndipo Mwenyekiti Wilbard, wakala wa makontena, mtu mwenye simu tatu na tumbo la kuziwekea, alipotwaa kipaza sauti na kutoa lile tangazo.

Wilbard alijua aina moja tu ya uthibitisho: ule wa mzigo uliopotea. Katika biashara yake huwezi kuja tu ukalia kwamba robota lako halikufika. Unalieleza kwanza. Lilikuwa rangi gani, lina alama gani, nani alilipakia, nani wa mwisho kuliona, na picha iko wapi. Usipoeleza vizuri, hakuna kilichopotea. Kwa hiyo akaelekeza kwamba kila mtu anayedaiwa kuwa aliwahi kuwepo aelezwe kikamilifu, vielelezo vikusanywe, kisha kamati itamke kwamba hakuwepo. Na kama ilivyo desturi ya madai ya mizigo, kielelezo hakitupwi wala kuharibiwa mpaka pande zote mbili ziridhike. Kanuni hiyo aliisaini mwenyewe, akaigonga muhuri wa Umoja, ule mkubwa wenye ramani ya Afrika.

Kikao cha kwanza kilifanyika kwenye ofisi yake ya mizigo. Jacinta alikuja na sanduku. Mwaka ule wenye kunyimwa viza walikuwa wengi, naye alikuwa mmojawapo. Ilimlazimu arudi nyumbani. Sanduku hakuweza kurudi nalo. Vitu vilivyofuatana na jeneza, kaka zake Domina walivichoma moto uani, hata blanketi, na sasa walikuwa wameagiza vilivyobaki vipelekwe ili wakamilishe usafi.

Désiré, mjumbe wa kamati, mnunuzi wa jinzi kutoka Lubumbashi, alitoa koti la jinzi.

"Hili la nani, maman?"

"La Domina. Huo mfuko wa ndani nimeushona mimi. Alikuwa hawezi kukaa na pasipoti bila kuipoteza."

Elisante akabonyeza kinasa sauti. "Mlikuwa na uhusiano gani, ili tuukanushe?"

"Wapenzi."

"Kwa muda gani? Kanusho lisije likapungua."

"Tangu Umoja wenu haujawa na muhuri."

Elisante akamwomba afafanue, kwani kanusho fupi ni kanusho dhaifu. Jacinta akafafanua. Alieleza walivyokutana sokoni Shisanhang, wakigombea robota moja la blauzi ambalo hata halikuwa zuri. Alieleza Domina alivyokoroma, na alivyokana kwamba anakoroma. Alieleza siku za mwisho wodini, wakati yeye ndiye aliyekuwa akimnywesha uji, na wajumbe wa Umoja walipofika wakamwomba awapishe kitini maana wamekuja watu wa karibu. Katibu alibadilisha kaseti. Désiré alipenga kamasi, kwa sababu za kiafya.

"Vitu hivi vitakaa wapi?" Jacinta aliuliza.

"Kwenye kabati la chuma la Umoja."

"Na nani ataweza kuvichoma?"

Elisante akaipitia kanuni kwa makini. "Hakuna. Mpaka pande zote mbili ziridhike."

"Mimi siridhiki upesi," alisema Jacinta, akasukuma sanduku mbele.

Habari zikaenea. Watu waliokuwa hawajawahi kuulizwa jambo lolote na ofisi yoyote walisikia kwamba kuna ofisi inayotaka kujua yote, tena inahifadhi. Wakaja. Anyango, muuza simu kutoka Nairobi, alileta kofia ya rafiki yake aliyefukuzwa nyumbani na baba yake, akasema, "Andika huyu msee alikuwa anacheka ovyo, isiwe hakuwepo hivi hivi tu." Elisante aliandika. Aliandika kwa bidii ya mtu ambaye hatimaye kazi yake inamtaka. Ikafika siku Désiré mwenyewe akazunguka meza, akaketi upande wa mashahidi, akatoa kiatu kimoja cha ngozi, kimepigwa rangi kikang'aa.

"Cha Frédéric. Tulikaa naye chumba kimoja," alisema. "Ni kwa ajili ya kanusho tu, Katibu. Lakini mkanushe vizuri."

Elisante alimsogezea kinasa sauti.

Siku ya maonyesho ukumbi wa mgahawa ulipambwa. Ukuta wa Uongozi ulikuwa na picha moja, ya Wilbard, kubwa kuliko Wilbard. Ukuta wa Wasiokuwepo ulianzia mlangoni, ukakata kona, ukapita jikoni, ukaishia chooni, na watu wote walikuwa wamejazana huko. Pale mwanzo palikuwa na koti la Domina na ile picha ya Xintang. Chini yake iliandikwa: Domina na Jacinta, ambao hawakuwahi kupendana. Imethibitishwa. Kisha saini na cheo cha Wilbard, aliyekuwa akisaini makanusho bila kuyasoma, na muhuri. Watu walisoma wakacheka. Halafu waliitazama picha tena, wakaacha kucheka.

Wilbard alimvuta katibu pembeni. "Ondoa."

"Niondoe nini, Mheshimiwa?"

"Hao watu."

"Watu gani, Mheshimiwa?"

Elisante hakuwa akimkejeli. Alitaka maelekezo. Wilbard alifungua kinywa, akamwona mgeni rasmi akisogea na glasi yake, akakifunga. Baadaye walipiga picha ya pamoja mbele ya ukuta uleule, kwa kuwa ndio pekee uliokuwa na kitu.

Wiki hiyohiyo Jacinta alipanda ndege, mikono mitupu.

Kisha ukaja ule mtikisiko wa uchumi wa dunia. Oda zikakauka, ofisi ya Wilbard ikafungwa, na mwenye jengo akatoa nje makabati yote ya Umoja. Mihtasari, hotuba, hata picha kubwa ya Mwenyekiti, vikachukuliwa na mnunuzi wa makaratasi mwenye baiskeli ya magurudumu matatu. Umoja, uliotukalia vichwani miaka yote ile, uliisha kwa kupimwa kwenye mizani. Vielelezo peke yake, ambavyo Elisante aliwahi kuvitoa, ndivyo vilivyosalia, chini ya kitanda chake hosteli. Kanuni ilikuwa haijafutwa, na upande mmoja ulikuwa haujaridhika.

Mwaka uliofuata Jacinta alipata viza tena, akarudi Sanyuanli, akachukua chumba chenye kabati la kufungwa kwa ufunguo. Elisante alimhamishia vitu vyote, na jioni moja alikuwa pale akipanga kaseti, Wilbard alipobisha hodi.

Alikuwa amepungua, na simu zimebaki moja. Nyumbani kulikuwa na cheo cha mshauri wa masuala ya walio ughaibuni, naye alikuwa ameomba.

"Wanataka ushahidi kwamba niliongoza Umoja," alisema. "Nimewaeleza, wanasema hawana rekodi yoyote. Wameniambia sikuwahi kuwepo."

"Walikueleza kikamilifu kwanza?" aliuliza Elisante, ambaye bado alijali utaratibu.

Wilbard alikuwa akiliangalia kabati. Mahali pekee duniani palipobaki saini yake na cheo chake na muhuri ni humo ndani, chini ya majina ya watu wengine.

Jacinta alikuwa akikata vitunguu. Hakuinua kichwa.

"Meiyou," alisema.

Asiyewahi kununua Guangzhou atadhani aliambiwa hakuna. Lakini kila aliyetembea Shisanhang anajua kwamba muuzaji akikwambia meiyou, mali iko ghorofani na wewe hujafika bei. Wilbard alikuwa mchuuzi kabla hajawa Mheshimiwa. Alivuta kiti.

"Taja bei, mama."

Jacinta alifuta mikono, akafungua kabati, akaweka mezani ile picha ya Xintang, na kalamu.

"Futa hilo neno lako. Andika tulivyokuwa. Kisha saini na cheo."

"Mama, hii naipeleka ofisini kwa watu. Wakiisoma watasemaje?"

"Watasema ulikuwepo."

Wilbard aliichukua kalamu. Chini kule mtaani wapakiaji walikuwa wakifunga marobota, utepe wa gundi ukilia kila unapovutwa. Mwishowe akakata mstari juu ya maneno ya zamani, akaandika chini yake: Domina na Jacinta, wapenzi. Wilbard, Mwenyekiti. Mwandiko ulikuwa mzuri. Kwa hilo hawezi kulaumiwa.

Jacinta akampa nakala iliyotolewa duka la chini. Picha yenyewe akaibakiza.

Elisante alikohoa, akafunga vifungo vya koti, akauliza, kama kanuni ilivyotaka, iwapo sasa pande zote mbili zimeridhika na vielelezo vinaweza kutupwa.

Wilbard alisema ameridhika sana.

"Mimi bado," alisema Jacinta, akalirudisha koti kabatini, akageuza ufunguo.